Mabwawa ya majitaka yanapanuliwa jirani na mtaa wetu: tukatae?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mwenyekiti wa mtaa hapa Mwanza, na mtaa wetu unapakana na mabwawa ya majitaka. Maofisa wamekuja wakatuambia mabwawa yatapanuliwa, na halmashauri imeombwa maoni. Wananchi wamechachamaa, kwa sababu hata sasa harufu haitulazi, hasa alfajiri. Diwani anasema uchafu mwingi unatoka upande wa pili wa mpaka, kwa hiyo wajenge ya kwao. Nimepewa nafasi ya kuzungumza kwenye kikao cha kata. Je, halmashauri inaweza kukataa? Kama haiwezi, tudai nini? La mwisho, kuna akina mama wanalima mchicha kwa maji yanayotoka huko. Unafaa kuliwa?

JIBU: Marahaba, mwenyekiti.

Jibu fupi kwanza, maana kikao hakisubiri. Halmashauri inaweza kuuchelewesha mradi huu, na inaweza kuubadilisha sana. Kuuzuia kabisa ni vigumu, na ningekuwa diwani wenu nisingejaribu. Harufu inayowanyima usingizi leo inatoka kwenye mabwawa yaliyopo, ambayo kwa dalili hiyo huenda yameshazidiwa. Mkifanikiwa kuzuia upanuzi mtabaki na mabwawa yaleyale, huku kila mwaka nyumba mpya zikiunganishwa na vyoo vipya vikinyonywa. Majitaka hayangoji azimio la Baraza la Madiwani. Yakikosa bwawa yanaingia kwenye mifereji na Mto Mirongo, yanafika ziwani, na ziwa hilohilo ndilo tunalochota maji ya kunywa ya jiji zima.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya barua yangu inahusu masharti, na kati ya masharti yote kuna moja ninalolishikilia kuliko mengine: nani atatoa tope, lini, kwa fedha ya fungu gani. Nitafika huko. Tuanze na harufu ya alfajiri, kwa sababu mkiielewa mtajua la kujibu pindi mtu atakapowaambia kwamba "tulipima, hakuna tatizo".

Majitaka yakifika hupita kwanza kwenye chujio la chuma, ambako nepi, pedi, matambara na mifuko ya plastiki hunaswa. Yakitoka hapo yanaingia bwawa la kwanza, lenye kina cha kati ya mita 2 na 5. Humo hamna oksijeni. Uchafu mzito unazama, bakteria wasiohitaji hewa wanaula huko chini, na kwa joto la kwetu siku moja hadi tatu zinatosha kuondoa nusu ya mzigo au zaidi. Bwawa la pili ni pana na kina chake ni kifupi, mita 1 hadi 2. Juu yake kuna mwani wa kijani unaotengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua, chini bado hakuna hewa. Yanayofuata ni mabwawa ya kukomaza, moja au zaidi, ambako jua na muda vinaua vijidudu. Mfumo wote hauna injini wala hauhitaji umeme, ndiyo maana miji mingi ya Tanzania ikauchagua. Unachokula ni ardhi.

Ile harufu ya yai viza ni gesi ya salfaidi ya hidrojeni. Mchana mwani ukiwa kazini, maji ya juu ya bwawa la pili yana oksijeni tele na yanageuka kuwa ya alkali, kama maji ya magadi. Katika hali hiyo sehemu kubwa ya salfaidi inabaki imeyeyuka majini, na ile inayopanda inamalizwa na oksijeni kabla haijatoka. Jua likizama, mwani unaacha kutengeneza oksijeni na wenyewe unaanza kuivuta. Oksijeni inakwisha, alkali inashuka, gesi inaachiwa. Wakati huo upepo wa ziwani, unaovuma mchana kuja nchi kavu, umeshatulia, na hewa baridi inateremka taratibu kutoka kwenye vilima vyetu vya mawe na kujikusanya mabondeni. Gesi inatoka wakati ambapo hakuna cha kuitawanya. Ndiyo maana saa kumi na moja alfajiri mnafunga madirisha, na saa tano asubuhi mgeni anashangaa mnalalamikia nini.

Ofisa akija kupima saa hiyo ya tano, jua likiwaka na upepo wa ziwa umeanza, atawaambia kwa nia njema kabisa kwamba harufu si kubwa. Daini vipimo vya kati ya saa tisa usiku na saa moja asubuhi, kwa siku kadhaa mfululizo. Shirika la Afya Duniani lina viwango viwili vya gesi hii: kwa afya ni maikrogramu 150 katika mita moja ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 24, kwa kero ya harufu ni maikrogramu 7, wastani wa nusu saa. Oneni tofauti hiyo. Pua inaisikia gesi mapema mno kabla haijafika kiwango cha kudhuru, kwa hiyo mtu asiwatishe kwamba kila anayesikia harufu ameshaumia. Lakini pia mtu asiwaambie kwamba kwa kuwa haijafika 150, hamna hoja. Kero ni hoja inayojitegemea, na Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa afisa afya wa halmashauri nguvu ya kuishughulikia.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji chombo chochote, nacho ni rangi. Bwawa la pili lenye afya ni la kijani iliyokoza. Likigeuka la waridi au zambarau, bakteria wa salfa wameshika usukani, na hiyo ni dalili kwamba limezidiwa. Likiwa jeusi au la kijivu, na mapovu yanatoka, mwani umekufa. Mteueni mjumbe mmoja apige picha kutoka nje ya uzio, mahali palepale, saa ileile, kila Jumatatu. Picha za miezi miwili zenye tarehe zinamnyamazisha mtu haraka kuliko hotuba.

Sasa tope. Kila mtu anayetumia mfumo huacha bwawani takriban mita za ujazo 0.04 za tope kwa mwaka; ndivyo wasanifu wanavyokadiria. Inaonekana si kitu mpaka uzidishe. Watu 50,000 wanaleta mita za ujazo 2,000 kila mwaka, yaani tipa 200 za mita kumi kumi. Tope hilo linajaza bwawa la kwanza kutokea chini, nafasi ya maji inapungua, na majitaka yaliyotakiwa kukaa siku mbili yanakaa saa chache tu, kisha yanasukumwa kwenye bwawa la pili yakiwa mabichi. Hapo ndipo mwani unapokufa na harufu inapoanza. Bwawa la kwanza linapaswa kutolewa tope likifikia theluthi ya ujazo wake, na kwa kawaida hiyo ni kila baada ya miaka michache. Nimewahi kusimama kwenye kingo za mabwawa, katika mji ambao sitautaja, ambako tope lilikuwa halijaguswa tangu siku ya uzinduzi. Nyasi zilikuwa zimeota juu yake na mbuzi wanakatiza.

Kulipima tope ni kazi ya nusu siku. Mhudumu anachukua mti mrefu na kuuzungushia kitambaa cheupe cha taulo kuanzia ncha ya chini hadi usawa wa kiuno. Akiwa kwenye boti, na jaketi la kujiokolea kifuani, anaushusha wima polepole mpaka uguse sakafu, anangoja kidogo, anauvuta juu taratibu. Maji yanachuruzika, tope linabaki limeng'ang'ania kwenye nyuzi za taulo, jeusi, na mstari wake unaonekana wazi. Anapima kwa tepu, anaandika, anasogea. Lazima vituo viwe vingi, kwa sababu tope hurundikana karibu na bomba la kuingilia, na anayetaka kuwaridhisha atapima upande wa kutokea. Ombeni kipimo hicho kifanyike mbele ya wawakilishi wa mtaa. Msijaribu wenyewe, kingo za mabwawa hayo zinateleza, na aliyetumbukia hapati pa kushika.

Kwa nini tope halitolewi? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu kazi hiyo haina utepe wa kukata. Mkopo au ruzuku hujenga bwawa. Kulisafisha ni matumizi ya kawaida yanayotoka kwenye ankara za wateja, na kila mwaka kuna pampu iliyoungua au bomba lililopasuka linaloililia shilingi hiyohiyo. Lakini ipo sababu nyingine, ya kiusanifu, na hapo ndipo upanuzi unapowapa nafasi ambayo hamkuwa nayo. Bwawa la kwanza likiwa moja, huwezi kulifunga likauke, kwa kuwa majitaka hayana pengine pa kwenda. Yakiwa mawili sambamba, moja linafanya kazi na jingine linakauka kwa msimu wa kiangazi, kijiko (mtambo wa kuchimbia) kinaingia, tope linabebwa. Mkionyeshwa michoro, tafuteni hilo kabla ya kitu kingine chochote. Kisha tafuteni vitanda vya kukaushia tope na njia ya gari hadi ukingoni. Kama havimo, huyo msanifu hakukusudia tope litoke.

Jambo linaloandamana na tope ni magari ya kunyonya vyoo. Wakazi wengi wa Mwanza hawako kwenye mtandao wa majitaka. Wana mashimo na makaro, na huko kwenye vilima gari halipandi kabisa. (Mitandao rahisi ya mabomba membamba iliyopita katikati ya mawe huko Igogo, Mabatini na Kilimahewa ililetwa kwa sababu hiyo, na kwangu mimi ni miongoni mwa kazi bora kabisa za usafi wa mazingira zilizofanyika jijini. Kabla yake wengi walikuwa wanasubiri mvua kubwa inyeshe ili watapishe vyoo usiku.) Kinyesi kinachonyonywa shimoni kina uzito wa uchafu mara kumi hadi mia kuliko majitaka ya bomba, hivyo magari machache yakimwaga moja kwa moja bwawani yanaleta mzigo wa mtaa mzima uliounganishwa. Mabwawa mengi yaliyosanifiwa kwa ajili ya bomba yameuawa na magari, wala si na bomba. Ulizeni kama upanuzi una sehemu maalumu ya kupokelea magari, ambako kinyesi kizito kinatenganishwa kabla ya kuingia kwenye mabwawa. Ulizeni magari mangapi kwa siku, yapite barabara ipi, mwisho saa ngapi, na nani anahesabu getini.

Tuje kwenye nguvu ya halmashauri. Mkutano wa hadhara ukisema hapana kwa sauti moja, hapana hiyo inaingia kwenye kiambatisho cha ripoti na mradi unaendelea. Penye meno ni kwingine. Upanuzi wa namna hii unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za 2005 zilizorekebishwa 2018. NEMC, baraza la taifa la mazingira, huipitia tathmini hiyo, na cheti kinachotolewa huambatana na masharti. Masharti hayo yana nguvu ya kisheria: yanakaguliwa, na anayeyakiuka anaweza kuadhibiwa. Ahadi iliyotolewa kwa mdomo chini ya mwembe haina mwenyewe. Kwa hiyo maoni ya halmashauri yasiwe barua ya malalamiko. Yawe rasimu ya masharti, yameandikwa kwa lugha ambayo inaweza kunakiliwa moja kwa moja kwenye cheti, yenye kiasi, tarehe na jina la cheo cha anayewajibika. Ombeni pia ripoti ya ukaguzi wa mazingira ya mabwawa yaliyopo. Sheria hiyohiyo ya 2004 inawapa wananchi haki ya kuomba taarifa za mazingira.

Halmashauri pia ni mamlaka ya upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Kama ardhi ya upanuzi imetengwa kwenye mchoro wa mipango miji kwa makazi au matumizi mengine, kuibadilisha kunapita mikononi mwake, na hapo inaweza kuketi kitako na kujadiliana. Mwingine mwenye neno ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye ofisi zake hapahapa Mwanza, ambayo chini ya sheria ya rasilimali za maji ya 2009 ndiyo inayotoa kibali cha kutiririsha maji yaliyotibiwa. Viwango vya taifa vinataka maji yanayotoka yawe na mahitaji ya oksijeni ya kibayolojia (kipimo cha uchafu unaoozeshwa na bakteria) yasiyozidi miligramu 30 kwa lita, na yale ya kikemikali yasiyozidi 60. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, nayo huchapisha kila mwaka ripoti ya utendaji wa mamlaka za maji, pamoja na za majitaka. Isomeni kabla ya kikao. Takwimu zilizotolewa na mamlaka yenyewe haziwezi kuitwa maneno ya mtaani.

Viwango hivyo, hata hivyo, vinawaacha wavuvi nje kidogo. Mabwawa ni hodari wa kuua vijidudu, lakini fosforasi na naitrojeni sehemu kubwa hupita zilivyo, na hizo ndizo zinazolisha mwani na magugu maji kwenye Ghuba ya Mwanza. Kama bomba la kutokea linaelekea karibu na mwalo, au mahali watoto wanapooga na kupata kichocho, pendekezeni maji yapitishwe kwanza kwenye bustani ya matete na mafunjo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti wa teknolojia hii kwa miaka mingi, kwa hiyo hamtakuwa mnaomba kitu kigeni.

Hoja ya diwani nimeielewa, na kuna chembe ya haki ndani yake. Mwanza ina halmashauri mbili, Jiji lenye Nyamagana na Manispaa ya Ilemela, lakini mamlaka ya maji ni moja, na bomba la majitaka hufuata mteremko, halijui jiwe la mpaka. Anayepokea ananusa, anayepeleka hanusi. Lakini "wajenge ya kwao" maana yake ni mabwawa madogo mengi, kila moja jirani na nyumba ya mtu mwingine, kila moja na mlinzi mmoja na hakuna fundi. Ningemshauri aigeuze hoja hiyo kuwa madai ya gharama. Upande unaopeleka uchangie barabara ya magari, ukanda wa miti na vipimo. Na mtaa wenu uunganishwe kwanza. Nimeuliza swali hili katika miji kadhaa na jibu halijawahi kunifurahisha: wanaoishi kando ya mabwawa ya majitaka, mara nyingi wao wenyewe wana vyoo vya shimo. Inawezekana nyumba zenu ziko chini ya usawa wa mabwawa, ikahitajika pampu. Basi pampu iwekwe kwenye gharama za mradi tangu mwanzo.

Sasa niseme ambalo huenda lisipendeze kwenye kikao. Mwongozo wa usanifu unataka mabwawa yawe angalau mita 200 kutoka kwenye makazi, na ikiwezekana 500. Mabwawa mengi nchini yalipojengwa yalikuwa porini. Makazi ndiyo yaliyoyafuata. Dodoma ilikua hadi ikayazunguka ya Swaswa. Arusha ilifika mahali ikahamisha kazi kutoka Lemara, ambako mji ulishafika, hadi Terrat. Hapa kwetu viwanja viliuzwa hadi kwenye uzio, na kwenye karatasi za mauziano kuna mihuri ya wenyeviti wa mitaa. Sisemi ni wewe. Ninachosema ni kwamba halmashauri inayodai mita 500 kwa mamlaka ya maji, huku ofisi yake ya ardhi ikipima viwanja ndani ya mita 100, itaaibishwa mbele ya kadamnasi. Siku ileile inapopitisha maoni yake, ipitishe na azimio la kusimamisha viwanja na vibali vya ujenzi kwenye ukanda huo, iweke bikoni, ipande miti. Miti haiondoi gesi. Inachofanya ni kuipandisha hewa juu na kuichanganya, na zaidi ya hapo inamfanya mnunuzi wa kiwanja aulize maswali.

Kwa nyumba ambazo tayari zimo ndani ya mita hizo 500, na sidhani kama kuna atakayezivunja, ningedai bwawa la kwanza lifunikwe. Turubai zito la plastiki hutandazwa juu ya maji, gesi inakusanywa chini yake na kuchomwa au kutumika. Ni gharama, lakini ni ndogo kuliko kujenga mtambo wa mashine. Maana nasikia kuna wanaosema mabwawa ni mambo ya kizamani, tujengewe mtambo kama wa Kampala. Mtambo wa Bugolobi ni kazi kubwa kweli: una uwezo wa lita milioni 45 kwa siku, tope linaoza ndani ya matangi yaliyofungwa na gesi yake inatengeneza umeme. Kampala ilikuwa na majitaka mengi na ardhi kidogo. Lakini mtambo wa namna hiyo unataka umeme saa zote, mafundi wa zamu na vipuri. Ukikaa siku mbili bila umeme, harufu yake mtaikumbuka. Kwa mamlaka ambayo imeshindwa kutoa tope kwenye shimo la wazi, mimi nisingeikabidhi mashine.

Kuhusu fidia nitakuwa mfupi, kwa kuwa mengi mnayajua. Atakayechukuliwa ardhi ana haki ya kulipwa thamani ya ardhi na maendelezo yake, pamoja na posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, na faida aliyoipoteza kama alikuwa na biashara. Malipo yakipita miezi sita yanadai riba, na uthamini ukipita miaka miwili unapaswa kurudiwa. Wasikubali kusaini fomu isiyojazwa kiasi. Atakayebaki na harufu hana mstari wake kwenye fomu hiyo, na wanasheria wakiwaambia mtashitaki, kumbukeni kuishitaki serikali au taasisi yake kunaanza na notisi ya siku 90, na kuthibitisha hasara iliyoletwa na harufu ni kibarua. Ndiyo maana nasisitiza masharti ya cheti, yanayopatikana sasa, kabla kijiko hakijafika.

Kwenye kikao cha kata usizungumze kwa zaidi ya dakika kumi. Anza na picha za rangi ya bwawa. Sema kata haikatai, ila inataka yaandikwe haya: mabwawa ya kwanza yawe mawili sambamba na yafunikwe, tope la mabwawa ya zamani litolewe kabla ya mapya kuanza kupokea, si baada, kuwe na akaunti ya matengenezo ya tope inayoonekana kwenye bajeti ya kila mwaka, na matokeo ya vipimo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa kila robo mwaka. Hilo la tope la zamani kwanza ndilo watakalolipinga zaidi, kwa sababu linachelewesha uzinduzi. Usilegeze. Mwombe mtendaji wa kata aliandike kwenye muhtasari neno kwa neno, na uondoke na nakala.

Sasa mchicha wa akina mama. Maji yanayoruhusiwa kisheria kutiririshwa si lazima yafae kumwagilia mboga. Viwango vya taifa vya kutiririsha vinaruhusu bakteria wa koliformu, wanaotumika kuashiria uchafu, hadi 10,000 katika mililita 100. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989, ambao bado unatumiwa sana kwa makadirio ya haraka, unataka wale wa kinyesi wasizidi 1,000 kwa mboga zinazoliwa mbichi, na yai la mnyoo lisizidi moja kwa lita. Mabwawa yanayofanya kazi vizuri, ambayo maji hukaa humo siku kumi au zaidi, huyaondoa mayai karibu yote kwa kuyazamisha. Yenu, kwa harufu unayoieleza, sina imani nayo.

Mchicha wenyewe ukipikwa vizuri huo moto unamaliza vijidudu. Hatari iko kwa mama anayelima peku na mikono mitupu, kwa mtoto aliye mgongoni au anayecheza tutani, na kwa ule utaratibu wa kuosha mafungu kwenye maji yaleyale kabla ya kwenda sokoni, kisha yanapangwa pembeni ya vitunguu na nyanya za kachumbari. Buti, glovu za mpira, sabuni baada ya kazi, na maji ya bomba ya kuoshea. Wamwagilie udongo, wasimwagilie majani. Kwa mboga zinazokaa muda mrefu shambani tunashauri kuacha maji hayo wiki moja au mbili kabla ya kuvuna, lakini mchicha unavunwa ndani ya mwezi, hivyo ushauri huo hauwasaidii sana. Afadhali wahamie kwenye migomba, mahindi, majani ya ng'ombe au vitalu vya miche ya miti. Moshi, wakulima wa Mabogini wanamwagilia mpunga kwa maji ya mabwawa, na mpunga unakobolewa na kupikwa. Nyanya, karoti na pilipili hoho ziondoke kwenye bustani hizo wiki hii, bila kusubiri kikao.